Je, wajua? Paa la Kanisa la Mkunazini limebebwa na nini?

Kwa miaka mingi, kila mgeni niliyemzungusha Mji Mkongwe nilimpeleka Mkunazini kumwonyesha nguzo. Ndani ya Kanisa Kuu la Anglikana, karibu na pahala pa ubatizo, zipo nguzo ndogo zilizosimama kichwa chini: sehemu iliyochongwa iwe juu ndiyo iliyokanyaga sakafu. Watembezaji husimulia kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Hadithi tamu, ichukuliwe kama hadithi. Mimi nikaongeza chumvi yangu: kanisa zima, nikasema, limesimama juu ya nguzo zilizopinduliwa na bado halijaanguka!

Siku moja ami yangu, fundi mwashi, alinisikia. Akangoja wageni wasogee.

"Mwanangu, hebu tazama juu. Nguzo hiyo imebeba paa gani?"

Nikatazama. Paa lilikuwa mbali kabisa na nguzo zangu, limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikwa juu ya kuta.

"Na boriti iko wapi?"

Boriti sikuiona. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nikiwaonyesha watu kituko kidogo huku kikubwa kikiwa juu ya vichwa vyetu.

Anayekaa Unguja anajua boriti ndiyo bwana wa nyumba. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake hupangwa boriti za mikandaa, nyingi zikiletwa kwa jahazi kutoka Rufiji. Boriti ya mkandaa inafaa kwa urefu wa kama mita 3 hivi, basi. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kama ukumbi wa kupitia. Mwenye fedha aliweza kurefusha chumba apendavyo, lakini kukipanua hakuweza. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani lililojengwa 1883, liliikwepa shida hiyo kwa kutumia chuma.

Kanisa lilianza kabla ya hapo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Altare, inasemekana, iko palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa viboko. (Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897, jambo ambalo wengi hulichanganya na kufungwa kwa soko.) Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Paa alilimwaga kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa.

Mchanganyiko huo una tabia moja. Chukua chaki ya ubaoni, ibane nchani kwa vidole viwili: haifanyi kitu. Ishike pande mbili uipinde: tap! Zege ni hivyohivyo. Hustahimili kubanwa, lakini kuvutwa haliwezi. Ukilimwaga bapa juu ya ukumbi mpana, uzito wake hulipinda, upande wa chini ukavutika, likapasuka. Siku hizi tunatia nondo zipokee mvuto huo.

Steere aliikwepa shida hiyo kwa umbo la tao. Fudikiza kifuu cha nazi, mtoto akipande: hakivunjiki, ingawa ukikipasua vipande, kila kipande unakivunja kwa mkono. Uzito ukitua juu ya tao hauna pa kupinda. Unateremka kwa kubanana, chembe ikiisukuma chembe mpaka ukutani. Zege linafanya ile kazi moja tu linayoiweza.

Bei yake inalipwa na ukuta. Kunja jalada la daftari liwe tao, liweke mezani, ulibonyeze juu. Miguu itateleza nje, kila mmoja upande wake. Sasa ziba kwa matofali mawili, ubonyeze tena: halitoki. Kuta za Mkunazini ndizo matofali hayo, na unene wake si wa kuzuia jua peke yake. Ukuta ukisogea kidogo tu, tao hufunguka na kutoa ufa. Kwa hiyo katika jengo la namna hii, fundi akisikia paa lina ufa, hukagua ukuta kwanza.

Inasimuliwa kwamba wakati wa ujenzi wapo walioapa kuwa mbao za kushikilia zikiondolewa tu, paa lote litakuja chini. Mbao zikaondolewa. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare, ndani ya jengo hilohilo walilosema litamwangukia.

Wageni bado nawapeleka kwenye nguzo, ila naanza na paa.