Picha ya Ubongo Yenye Rangi Haioneshi Sehemu Zilizolala

Tangu tuanze kampeni ya kutafuta watu wa kujitolea kupimwa ubongo huku wakifanya mazoezi ya akili, dawati letu limepokea maswali mengi kuliko tulivyotegemea, na malalamiko nayo hayakukosekana. Mengi yanafanana. Mtu hupewa nakala ya picha yake, akaona madoa mawili matatu ya rangi juu ya ubongo wa kijivu, kisha akarudi kuuliza: "Mbona huku kwingine kumelala? Hamwezi kukuamsha?" Wapo hata wanaotaka kupimwa upya kwa sababu picha ya mwenzao ina rangi nyingi zaidi.

Hakuna kilicholala. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, hata ukiwa umejilaza huwazi lolote la maana. Ukianza kukokotoa hesabu, matumizi hayo hupanda kidogo tu, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Kwa hiyo ile picha ni matokeo ya kutoa: tunachukua kipimo cha wakati wa zoezi, tunaondoa kipimo cha wakati wa kulinganisha, ambapo hufanyi zoezi hilo, kisha kompyuta inapaka rangi pale tofauti inapozidi kiwango tulichokiweka sisi wenyewe. Kiwango kikishushwa, rangi huongezeka. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, wakamwonesha picha za watu; hesabu zilipofanywa bila masahihisho yanayotakiwa, ubongo wa samaki yule ulionekana "kuitikia". Walikuwa wanawaonya wenzao. Nadhani onyo hilo linawafaa pia wanaoshindana kwa wingi wa rangi.

Kinachotusumbua sisi kitaalamu si wapi panawaka, bali nani anazungumza na nani, na kwa wakati gani. Chukua zoezi letu la kusikiliza tarakimu sita na kuzitaja kinyumenyume. Sauti hupokewa na gamba la ubongo upande wa panja. Sehemu zilizo nyuma ya paji la uso na zile zilizo karibu na utosi hushirikiana kuzishikilia tarakimu na kuzigeuza mpangilio, na nyingine huandaa ulimi na midomo. Hazipokezani kijiti kama wakimbiaji. Zinarudishiana taarifa huku na huko, zote zikiwa kazini.

Zinawezaje kuelewana ndani ya ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86? Fikiria mchezo wa kuruka kamba. Kamba inazungushwa, nawe unasubiri nje. Ukiingia kwa mpigo unaofaa unaruka, ukiingia nusu mpigo baadaye inakupiga miguuni. Makundi ya seli za neva nayo hupanda na kushuka kwa mpigo: kuna nukta ambapo yako tayari kupokea, na nukta ambapo ujumbe uleule hupita bila kuacha alama. Sehemu mbili zikioanisha mipigo yao, ujumbe huingia. Wazo hili lilipewa umbo lake na mtafiti wa ubongo Pascal Fries mwaka 2005, na wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani linaeleza kila kitu. Lakini mipigo yenyewe haina ubishi. Tunapokumbuka jambo, mawimbi ya umeme ya polepole, mizunguko 4 hadi 8 kwa sekunde, mara nyingi huunganisha hipokampasi, sehemu ya ndani inayohusika na kumbukumbu, na sehemu ya mbele ya ubongo, huku mawimbi ya kasi, zaidi ya mizunguko 30, yakifanya kazi ya mtaa kwa mtaa.

Halafu kuna wimbi la alfa, mizunguko 8 hadi 13, ambalo daktari Mjerumani Hans Berger alilitangaza mwaka 1929. Hupanda ukifumba macho, hushuka ukiyafumbua. Kwa muda mrefu lilichukuliwa kuwa dalili ya ubongo kupumzika. Leo wengi wetu tunaliona kama bawabu. Ukiambiwa ukazie kitu kilicho kushoto kwako bila kugeuza macho, alfa hushuka katika nusu ya kulia ya ubongo, ndiyo inayoshughulikia upande huo, na hupanda katika nusu ya pili ili isiingilie. Yaani kunyamaza nako ni sehemu ya kazi. Ubongo ambao kila sehemu yake imewaka kwa pamoja tunaujua: ni wa mtu aliye katika kifafa.

Hata huo unaoitwa utulivu una mpangilio wake. Mwaka 1995 mtafiti Bharat Biswal na wenzake walionesha kuwa sehemu zinazoongoza mikono, ya kushoto na ya kulia, hupanda na kushuka pamoja ilhali mtu amejilaza tu bila kusogeza kidole.

Na jambo la "mimi ni mtu wa ubongo wa kulia", yaani imani kwamba kila mtu hutegemea zaidi nusu moja ya ubongo, naomba tulimalize. Lugha, kwa watu walio wengi, huegemea kushoto, ni kweli. Lakini nusu mbili za ubongo zimeunganishwa na daraja la nyuzi zipatazo milioni 200, na taarifa hazikomi kupita hapo. Hakuna dodoso litakalokupa nusu moja.

Sasa taratibu, maana ndizo zinazovuruga ratiba. MRI hufuata ongezeko la damu, ambalo hufikia kilele chake sekunde 5 au 6 baada ya seli kufanya kazi. Kofia ya elektrodi, vidude vinavyonasa umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa, hunasa mabadiliko ya sehemu moja ya elfu ya sekunde lakini haioneshi mahali kwa usahihi. Ndiyo maana tunakuita mara mbili. Kwa kofia, osha nywele na usipake mafuta. Kwa MRI, taja kila chuma kilichomo mwilini, hasa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, hata kama fomu umeshaijaza. Sumaku haizimwi, hata mashine ikiwa kimya. Atakayebainika kuficha chuma hatapimwa siku hiyo, na fomu ya ridhaa itaanza upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Usitikise kichwa. Msogeo usiofika milimita moja unatosha kuzifanya sehemu jirani zionekane zinashirikiana kuliko hali halisi, na zilizo mbali zionekane zimetengana. Kipimo chenye msogeo uliozidi hutupwa. Si adhabu. Kikitupwa mara ya pili, tunakushukuru na kukuaga. Nawe unaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu.

Picha tutaendelea kuwapa wanaoihitaji. Si cheti cha akili, wala si majibu ya daktari. Kuanzia sasa chini yake pataandikwa zoezi lililofanywa na kiwango kilichotumika kupaka rangi. Isiyo na maandishi hayo msituletee kaunta kuitolea ufafanuzi.