Mitaa ya Dar es Salaam haikujigawa yenyewe

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ukidai kwamba Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalitokea tu, kila watu wakipenda kukaa na wenzao. Si kweli. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891, kisha za Waingereza, ziliugawa mji kwa aina ya nyumba: huku za mawe, kule za udongo na makuti. Kwenye maandishi kigezo kilikuwa nyumba, si rangi, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Linganisha ramani ya zamani na ya leo: uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi, bado unatenganisha Kariakoo, iliyokuwa Uswahilini, na Uhindini. Inauma watoto kuambiwa kwamba kutengana ni asili yetu. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.