Moldi za kaboni faiba nyumbani: tunayoaminishana na ukweli wenyewe

Wakuu, kila mtu anayetaka kuanza kaboni faiba anauliza maswali yale yale, kitambaa gani, epoksi gani, matabaka mangapi, na karibu hakuna anayeuliza habari ya moldi, yaani lile umbo unalolaza kitambaa chenye epoksi ili kikikauka kishike sura yake. Sasa kwenye kitu chenye mkunjo, iwe fenda ya pikipiki, kava ya kioo cha gari au ganda la kiti, moldi ndo inabeba kazi karibu yote, kaboni yenyewe unailaza mchana mmoja imeisha. Na uongo mwingi unaozunguka unahusu hapo hapo kwenye moldi.

Uongo mkubwa kuliko wote ni huu: "moldi ikiwa na kasoro ndogo utairekebisha kwa msasa kwenye kipande." Hapana jamani. Rezini (ile gundi ya maji inayokauka kuwa ngumu, kama epoksi au polista) inanakili kila kitu, mkwaruzo, tundu la sindano, mpaka alama ya kidole, na inanakili mara mbili, kutoka kwenye modeli (umbo la mfano unalotengeneza kwanza, moldi inalazwa juu yake) kwenda kwenye moldi halafu kutoka kwenye moldi kwenda kwenye kila kipande utakachotoa humo. Ukianza kukipiga kipande msasa wa nguvu, ile rezini ya juu ni nyembamba sana, unaimaliza unaingia kwenye nyuzi zenyewe, na nyuzi ikishakatwa nguvu imepungua hapo na ule msuko unaoupenda macho umeharibika. Kwahiyo masaa yako yaweke kwenye modeli: fila, praima, msasa wa maji 400, 800, 1200 mpaka 2000, halafu polishi. Na usiamini mkono peke yake, zima taa za juu uweke taa moja ubavuni uangalie mstari wa mwanga unavyotembea juu ya mkunjo, ukiyumba au ukikatika ujue pale kuna bonde, hata kama kidole hakilisikii.

Wanasema pia modeli ni modeli tu, tumia chochote. Kiasi ni kweli, lakini kemia haisikilizi. Povu jeupe la polistirini ukilipaka rezini ya polista linayeyuka mbele ya macho yako, manake ndani ya polista kuna stairini na stairini inakula polistirini. Epoksi hailili. Ukitaka polista juu ya povu, tafuta povu la poliyurethani, au funika lile jeupe vizuri kwa epoksi kwanza uiache ikauke kabisa. Mbao za MDF nazo zinanyonya, zisipofungwa vizuri kwa rangi au rezini moldi inang'ang'ania. Modeli za printa ya 3D zinafaa sana kwa mikunjo migumu ila PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa hizo, inaanza kulegea kwenye sentigredi 60 hivi, na rezini ikikauka inatoa joto lake yenyewe, ukimwaga matabaka mengi ya moldi kwa pamoja joto linaweza kufika huko na modeli ikapinda huku unaangalia.

Kuhusu kuachanisha, yaani kipande kisigandie kwenye moldi wala moldi kwenye modeli, kuna watu wanapaka waksi yoyote ya gari mara moja wanasema tayari. Moldi mpya inataka waksi ya kazi hiyo, matabaka kama manne mpaka sita, kila moja unaliacha likae kabla ya kufuta na kupaka lingine. Waksi nyingi za gari zina silikoni na silikoni inafanya jelikoti (rezini nzito ya tabaka la kwanza la uso) ijikusanye kuacha vidoa, na waksi nyingine hazivumilii joto. Halafu hii naomba isikilizwe vizuri: PVA ya kuachanisha SIO gundi nyeupe ya mbao, hata kama gundi ile nayo watu wanaiita PVA. Ya kuachanisha ni polivinili alkoholi, inakauka kuwa ngozi nyembamba na unaiosha kwa maji. Gundi ni gundi, itafanya kazi yake ya kugandisha.

"Lazima iwe moldi ya kike, yaani ya shimo." Hapana. Kanuni ni moja tu, upande unaogusa moldi ndo utakaokuwa laini. Fenda unataka nje ing'ae, basi shimo. Bomba la kupitisha hewa unataka ndani kuwe laini, basi lizungushe juu ya moldi ya dume, yaani ya mwinuko. McLaren MP4/1 ya John Barnard mwaka 1981, gari ya kwanza ya Formula 1 kushindana ikiwa na chasi ya kaboni, chasi ile ililazwa juu ya moldi ya dume ya alumini na kampuni ya Hercules huko Marekani. Na kuna kazi hazihitaji moldi kabisa, ndege ya VariEze ya Burt Rutan iliyoruka 1975 ilijengwa kwa kukata povu, la mbawa kwa waya wa moto, na kulaza faibaglasi juu yake, povu linabaki humo humo ndani. Bei yake ni kwamba nje unapiga fila na msasa sana, kwahiyo kwa kipande kimoja tu inalipa, kwa kumi hailipi.

Halafu hili la "kaboni ni nyembamba, itajikunja tu itoke." Kaboni ni ngumu, ndo maana tunaitaka! Ukuta uliosimama wima kabisa unashika hata ukiupaka waksi yote ya dunia. Mpe kila ukuta mteremko wa digrii 2 au 3 hivi, zaidi kama shimo ni refu. Kujua kama moldi moja inatosha, angalia modeli kutoka upande utakaovutia kipande, jicho moja, kama kuna sehemu ya uso imejificha nyuma ya nyingine basi pale kipande kitanasa na moldi igawanywe. Unajenga ukuta wa muda kwenye mstari wa kugawa, unalaza nusu ya kwanza pamoja na flanji yake (ule ukingo bapa ambapo nusu mbili zinakutana), ikikauka unatoa ukuta, unapaka waksi flanji ile nayo (wengi wanaisahau na nusu mbili zinakuwa moldi moja milele), unalaza nusu ya pili. Toboa matundu ya bolti kabla ya kuachanisha ili baadaye zirudi pale pale. Kutoa tumia kabari za plastiki, sio bisibisi.

Unene nao. Moldi iwe nene mara mbili au tatu ya kipande, na faibaglasi inatosha kabisa, sio lazima iwe ya kaboni. Jelikoti kwanza, kama nusu milimita au zaidi kidogo, ikifika hatua ya kunata bila kuhamia kwenye kidole unaanza na mati nyepesi (faibaglasi ya nyuzi fupi zisizosukwa), ukianza na nzito alama za nyuzi zitatokea usoni. Mbavu za kuimarisha gundisha baada ya kukauka, na usiitoe haraka kwenye modeli.

Vakyumu sasa, yaani kufunika kazi kwa bagi la plastiki na kunyonya hewa ya ndani kwa pampu. Kuna wanaosema bila pampu huwezi, na wanaosema pampu inaponya kila kitu. Kulaza kwa mkono kunatoa vipande vizuri tu. Pampu inakupa mgandamizo wa hewa ya nje, usawa wa bahari ni kama tani 10 kwa mita ya mraba, ni nyingi, lakini kwenye kona kali ya ndani kitambaa kinapita juu kama daraja na nyuma yake panabaki tundu, bagi likivutwa nalo linafanya hivyo hivyo. Dawa iko kwenye modeli: zungusha kona, nusu kipenyo cha milimita 3 mpaka 5 angalau, na bagi liwe na mikunjo ya ziada.

Ukitaka kuoka kipande kikiwa kwenye moldi ndo kuna mtego. Moldi ya epoksi ya kukauka bila joto inaweza kulegea kwenye sentigredi 50 au 60 kama haikupikwa polepole kabla. Alumini ya mita moja ikipanda sentigredi 100 inarefuka milimita 2.3 hivi, kaboni upande wa nyuzi karibu haijongei, kwahiyo kwa kipande kirefu chenye mikunjo vipimo vinahama. Hata kona ya digrii 90 ya kipande ikipoa inajifunga digrii 1 au 2, wenye kazi wanaifungua moldi kiasi hicho mapema.

La mwisho, "maski ya vumbi inatosha." Ya vumbi inazuia vumbi, haizuii mvuke wa stairini, huo unataka maski yenye vichujio vya mvuke na hewa inayopita. Epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, na aleji hiyo haiondoki, kwahiyo glavu kila mara. Vumbi la kaboni linapitisha umeme, usikate karibu na vifaa vya umeme vilivyo wazi. Na hadena ya polista, MEKP, inaweza kupofusha ikiingia jichoni, miwani lazima, na usiichanganye kamwe moja kwa moja na akselereta ya kobalti (dawa ya kuharakisha polista kukauka) manake inaweza kulipuka; kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa mpaka ichanganyike kabisa, ndo MEKP ifuate.