Corvette ya zamani nayo huliwa na kutu

Kwa miaka mingi wapenzi wa magari ya kale wameambiana kwamba Chevrolet Corvette, gari la michezo la Kimarekani, haishiki kutu, kwa kuwa bodi yake ni ya faibaglasi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Kuhusu bodi ni kweli, tangu zile 300 za kwanza za mwaka 1953. Lakini chesisi, yaani kiunzi cha chini kinachobeba gari, ni ya chuma. Tena kuanzia Corvette ya 1963 iliyoitwa Sting Ray, gari zuri mno, ndani ya faibaglasi kuna fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele na milango. Maji hupenya kwenye mpira wa kioo, yakatuama kwenye mwisho wa chini wa nguzo za fremu hiyo zilizo kando ya kioo, chuma kikaliwa polepole huku rangi ya nje ikimeremeta. Mnunuzi makini huinua zulia, akamulika tochi mwisho wa nguzo hizo, kisha akalala chini kukagua chesisi karibu na magurudumu ya nyuma.