"Ametulia" si "haumii"

Kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza, bibi mmoja alikuwa akimsimulia jirani yake: "Mjukuu wangu walimpa usingizi, akatulia tuli, hakuumia hata kidogo." Kauli hiyo nimeshaisikia kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye daladala za Igoma hadi nimechoka.

Kumtuliza kichanga maumivu ni kuyapunguza maumivu anayoyapata akitibiwa, kama vile anapotobolewa kisigino kutolewa damu au anapowekewa dripu. Basi, hiyo ndiyo maana.

Matata yako kwenye "tuliza". Unaweza kumtuliza mtoto, na unaweza kuyatuliza maumivu, na kitenzi ni kilekile. Ganzi hufisha sehemu moja ya mwili, mwenyewe yuko macho. Dawa ya kulaza kama midazolamu humlaza mtoto, lakini maumivu haiyaondoi. Nusukaputi ndiyo ya chumba cha upasuaji, na jina lake hunichekesha: nusu ni yetu, kaputi ni ya Wajerumani, yaani kilichoharibika. Mgonjwa nusu mfu! Jina linasema hali ya mtu, kuhusu maumivu halisemi kitu.

Na neno "mchanga", la mtoto mchanga, nalo lina lawama yake. Embe changa halijaiva, basi watu wakadhani na maumivu ya mtoto hayajaiva. Si wa kwetu tu. Hadi miaka ya 1980, huko Ulaya na Marekani vichanga wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli, na ya maumivu kidogo sana au hakuna. Walitulia, maana hawakuweza kujitikisa. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kuwa njiti (waliozaliwa kabla ya wakati) waliopasuliwa wakaongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata madhara machache kuliko wenzao wasioongezewa.

Njiti mdogo akiumia huenda asilie kabisa. Mtazame uso: paji limekunjwa, macho yamekazwa. Kwa sindano ndogo humfaa ziwa la mama, kifua cha mama ngozi kwa ngozi, au matone ya maji ya sukari ulimini dakika 2 kabla (yaliyopimwa na muuguzi, si ya kukoroga nyumbani).

Bibi alishuka kabla sijamwamkia. Ningemwambia: shikamoo bibi, mjukuu alilala, hilo sawa. Siku nyingine muulize muuguzi, "Na cha maumivu mmempa nini?"