Kurahisisha njia ya faili ni nini?

Ukiandika programu inayosoma faili, hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na kitu kama hiki:

/home/asha/./picha//likizo/../harusi

Hiyo ni njia ya faili, yaani maelekezo ya kufika kwenye faili au folda kuanzia mzizi, ule mkwaju (/) wa kwanza. Ni halali, ila ina mizunguko. Kurahisisha ni kuiandika upya bila mizunguko, ifike palepale:

/home/asha/picha/harusi

Nukta moja maana yake "hapahapa", basi inafutwa. Mikwaju miwili iliyofuatana katikati huhesabiwa mmoja. Kazi iko kwenye nukta mbili, zinazosema "rudi folda ya juu".

Hapo tunatumia rundo, kama sahani zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Ikate njia kwenye kila mkwaju. Ukikuta jina, liweke juu ya rundo. Ukikuta nukta mbili, ondoa lililo juu. Kwenye mfano wetu "likizo" inapanda, nukta mbili zinaishusha, "harusi" inakaa mahali pake. Rundo likiwa tupu, nukta mbili hazifanyi kitu, kwa kuwa juu ya mzizi hakuna pa kwenda. Na nukta tatu? Hilo ni jina kama majina mengine, usiliguse.

Sasa angalia hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Kwenye Linux, "likizo" inaweza kuwa kiungo tu, yaani jina linaloelekeza kwenye folda iliyo mahali pengine, tuseme /data/2019/likizo. Ukirudi juu kutoka huko unatua /data/2019, wala si kwenye picha za Asha. Maandishi yamekudanganya. Ndiyo sababu Python ina os.path.normpath, inayotazama maandishi peke yake, na os.path.realpath, inayofuata viungo hadi mwisho.

Tofauti hii inagusa usalama. Tuseme seva yako inatoa faili za /srv/picha pekee, halafu mtu anaomba ../../etc/passwd. Ukiunganisha unapata /srv/picha/../../etc/passwd, inayoanza vizuri kabisa na /srv/picha, kumbe inaishia /etc/passwd, faili ya mfumo yenye orodha ya watumiaji. Kwa hiyo pitisha realpath kwanza, ndipo ukague mwanzo wake. Na ukikagua, linganisha na /srv/picha/ pamoja na mkwaju wa mwisho, la sivyo /srv/picha-binafsi nayo itapita.