Taji la vijana halileti pointi za wakubwa: dhana potofu kuhusu Renáta Jamrichová na wenzake wa Slovakia

Januari 2024, mjini Melbourne, mchezaji tenisi Renáta Jamrichová wa Slovakia alimshinda Emerson Jones wa Australia 6-4, 6-1 na kuwa bingwa wa wasichana wa Australian Open. Julai mwaka huohuo wawili hao walikutana tena kwenye fainali ya Wimbledon, na Jamrichová akashinda tena, 6-3, 6-4. Kabla ya hapo, mwaka 2023, alikuwa ameshatwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili huko Melbourne akiwa na Federica Urgesi wa Italia. Alizaliwa Trnava tarehe 11 Juni 2007, kwa hiyo alikuwa na mataji matatu ya vijana ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi) katika umri ambao wengi wako shule ya sekondari.

Tangu hapo mashabiki wanauliza jambo moja kila anapotolewa kwenye mashindano madogo: mbona hajafika juu? Swali hilo linamwonea. Linatokana na kutojua jinsi tenisi ya kulipwa inavyohesabiwa, na mengi yanayosemwa juu yake yalishasemwa juu ya Waslovakia waliomtangulia.

Dhana: Ameshinda Grand Slam ya vijana, basi ameshapanda kwenye orodha ya dunia

Orodha ni mbili na hazichangiani chochote. Ile ya vijana inasimamiwa na ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa. Huko yanahesabiwa matokeo sita bora ya mchezaji mmoja mmoja, kisha inaongezwa robo ya pointi za matokeo sita bora ya wawili wawili. Bingwa wa Grand Slam hupata pointi 1,000. Kwenye orodha ya WTA, yaani ya wanawake wa kulipwa, pointi hizo 1,000 ni sifuri. Hakuna hata moja inayohamishwa.

Ili jina litokee kwenye orodha ya WTA, mchezaji lazima apate pointi katika mashindano matatu tofauti au afikishe angalau pointi 10. Kwa msichana anayeanza, pointi hizo hutafutwa kwenye mashindano ya ITF ya W15, W35, W50, W75 na W100. Namba iliyo kwenye jina ndiyo pointi anazopata bingwa: W15 inampa 15, W35 inampa 35. Kila taji linahitaji kushinda mechi tano kwenye droo kuu ya wachezaji 32, na kama mtu ameanzia kwenye mchujo, anaongeza mbili au tatu.

Piga hesabu sasa. Kuingia kwenye mchujo wa Grand Slam kwa nafasi yako mwenyewe kunahitaji kuwa karibu na nafasi ya 230 au juu yake, na hapo mtu huwa na takriban pointi 300. Ukizitafuta kwenye W35 peke yake, ni mataji tisa, yaani ushindi wa mechi 45. Mchezaji mwingine anayepita mchujo wa Grand Slam hupewa pointi 40, na akishinda mechi moja ya droo kuu anaongezewa 70. Huyo amepata 110 kwa mechi nne. Mwenye mataji matatu ya W35, yaani mechi 15 bila kupoteza, ana 105. Ndiyo maana wachezaji walio kati ya nafasi ya 150 na 300 hupanda kwa kuruka, wala si kidogo kidogo. Mtu anaweza kukaa miezi mingi palepale, halafu wiki moja ikamsogeza nafasi 60.

Dhana: Nafasi yake kwenye orodha inaonyesha kiwango chake halisi

Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18, hapana. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Tangu miaka ya 1990, baada ya wasichana kadhaa kuchoka na kuumia mapema, wanawake wana kanuni ya umri inayoweka kikomo cha mashindano ya kulipwa. Kwa viwango vya msingi vilivyotumika Jamrichová alipotwaa mataji yake, msichana wa miaka 15 aliruhusiwa mashindano 10, wa miaka 16 mashindano 12 na wa miaka 17 mashindano 16. Waliofanya vizuri hupewa nyongeza. Hesabu haianzi Januari. Inaanzia siku ya kuzaliwa hadi siku ya kuzaliwa inayofuata. Kwa hiyo taji la Melbourne alilipata akiwa kwenye kikomo cha miaka 16, na la Wimbledon, mwezi mmoja tu baada ya tarehe 11 Juni, akiwa kwenye kikomo cha miaka 17.

Tangu 2024 WTA inahesabu matokeo 18 bora ya wiki 52 kwa mchezaji mmoja mmoja. Mtu mzima anaweza kucheza mashindano 25 au zaidi, akachukua 18 mazuri na mabaya akayaacha yasihesabiwe. Msichana wa miaka 16 mwenye ruhusa ya 12 hana cha kutupa: kila alikotolewa raundi ya kwanza kunabaki kwenye hesabu yake, na nafasi sita zilizobaki kati ya 18 ni tupu. Ukitaka kumpima kwa haki, gawanya pointi zake kwa idadi ya mashindano aliyocheza, kisha umlinganishe na walio jirani naye kwenye orodha. Mara nyingi utakuta kijana ana wastani mkubwa kuliko watu waliomzidi nafasi 50.

Dhana: Bingwa wa vijana hupewa mialiko kila mahali

Mialiko, yaani nafasi za kuingia bila kutegemea orodha, ipo, lakini hufuata pasipoti kuliko inavyofuata makombe. Droo kuu ya wanawake kwenye Grand Slam ina nafasi 128: 104 kwa orodha, 16 kwa waliopita mchujo, na nane za mwaliko. Hizo nane hugawiwa na waandaaji, na wenye nyumba hujihudumia kwanza. Marekani, Ufaransa na Australia hata hubadilishana nafasi moja moja.

Mfano upo wazi kabisa. Emerson Jones, aliyeshindwa na Jamrichová kwenye fainali zote mbili, alicheza droo kuu ya Australian Open Januari 2025 kwa mwaliko kwa sababu ni Muaustralia. Alitolewa na Elena Rybakina raundi ya kwanza, 6-1, 6-1. Hata hivyo alipata pointi 10 za kuingia tu, hundi ya raundi ya kwanza, na mechi dhidi ya bingwa wa zamani wa Wimbledon. Slovakia haina Grand Slam wala cha kubadilishana. Ilicho nacho ni mashindano ya ngazi ya ITF nyumbani, likiwemo Empire Slovak Open la viwanja vya udongo huko Trnava, mji alikozaliwa Jamrichová. Ni msaada wa kweli, ila ukubwa wake haulingani.

Anachopata bingwa yeyote wa vijana bila kujali nchi ni zile nafasi ambazo ITF huwatengea wanaomaliza mwaka ndani ya 20 bora ya vijana: kuingia moja kwa moja droo kuu kwenye baadhi ya mashindano yake. Faida yake ni kuruka mchujo na W15. Pointi zenyewe bado lazima azishindanie uwanjani.

Dhana: Jina lilikuwa kwenye orodha ya washiriki, hakutokea, ameumia au amekwepa

Usajili wa mashindano ya ITF hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano. Mchezaji anaruhusiwa kujiandikisha zaidi ya shindano moja kwa wiki hiyohiyo na kuyapanga kwa kipaumbele, kwa kuwa bado hajui ni lipi litamkubali. Kujitoa bila adhabu kunakwisha Jumanne, siku 13 kabla. Kati ya siku hizo majina hupanda na kushuka kila saa. Kijana aliyeko nafasi ya 20 kwenye orodha ya kusubiri ya W75 anaangalia kama atasogea hadi ndani. Akisogea, anaacha ile W35 aliyoiandika kama akiba. Hakuna aliyekimbia mtu. Kwa Grand Slam muda ni mrefu zaidi: droo kuu hutumia orodha ya wiki sita kabla, na mchujo wiki nne kabla. Ndiyo maana kupanda kwa nafasi wiki ya mwisho hakumsaidii mtu kuingia.

Dhana: Ameshakuwa mchezaji wa kulipwa, kwa hiyo ana pesa

Kwenye Grand Slam ya vijana hakuna zawadi ya fedha, ni kombe tu. Na kwenye W15 zawadi yote ya shindano zima ni dola 15,000, igawanywe kwa droo ya mchezaji mmoja mmoja na ya wawili wawili. Bingwa anaondoka na dola 2,000 na ushei. Aliyetolewa raundi ya kwanza hafikishi 200, na aliyetolewa kwenye mchujo hapati kitu. Mara nyingi kodi hukatwa palepale.

Sasa angalia matumizi ya wiki moja. Raketi moja inakula nyuzi takriban mita 12. Wengi wanatumia nyuzi za poliesta, ambazo hazikatiki haraka lakini hulegea: zikifungwa kwa kilo 24, baada ya saa chache za kupiga kwa nguvu zimeshapoteza mkazo, mpira unaruka mrefu na mchezaji anaanza kupiga nje bila kuelewa sababu. Hivyo raketi mbili au tatu hufungwa upya kabla ya kila mechi. Fundi wa mashindano hulipwa kwa raketi. Mzoefu hununua bunda la mita 200, linalotosha raketi 16, kwa sababu pakiti moja moja ni ghali mno. Juu yake kuna chumba, chakula, nauli, na vyote hivyo mara mbili kama kocha anasafiri. Aliyefika robo fainali ya W15 na kurudi nyumbani na hasara hajacheza vibaya. Ndivyo ngazi hiyo ilivyo, na bila shirikisho, familia au mfadhili, vipaji vingi huishia hapo.

Dhana: Akianguka baada ya mafanikio ya kwanza, ndiyo basi

Anna Karolína Schmiedlová wa Košice anatosha kulijibu hili. Alikuwa mshindi wa pili wa wasichana wa French Open, Grand Slam ya Paris, mwaka 2012. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 19, alimtoa Venus Williams raundi ya pili ya mashindano ya wakubwa ya Paris. Mwaka 2015 alishinda mashindano ya WTA ya Katowice mwezi Aprili na ya Bucharest mwezi Julai, akafika nafasi ya 26 mwezi Oktoba.

Mataji yale yalikuwa na thamani ya pointi 280 kila moja. Pointi zinaishi wiki 52, kisha zinaondoka zote kwa siku moja. Kwa hiyo ilipofika Aprili 2016 alidaiwa 280, na Julai 280 nyingine. Kushinda mechi moja au mbili kusingeziba pengo hilo. Alianza kupoteza mfululizo, na zile pointi 560 zilipofutika akaporomoka hadi nje ya 100 bora. (Katowice ya 2016 ilichukuliwa na Mslovakia mwenzake, Dominika Cibulková.) Aliyeishia kusoma hapo alimzika mapema: Schmiedlová alishinda Bogotá mwaka 2018, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 alimtoa Jasmine Paolini, kisha Barbora Krejčíková bingwa wa Wimbledon wa mwaka huo, akamaliza wa nne.

Mslovakia mwingine, Daniela Hantuchová, alishinda mashindano ya Indian Wells ya Marekani mwaka 2002 akiwa na miaka 18, akafika nafasi ya tano Januari 2003, na taji lake la pili la mchezaji mmoja mmoja lilikuja mwaka 2007, Indian Wells tena. Kristína Kučová, bingwa wa wasichana wa US Open 2007, alisubiri hadi 2016 ndipo alipofika nusu fainali ya Montreal na kuingia 100 bora. Miaka tisa.

Dhana: Mfupi hafiki mbali

Cibulková ana sentimita 161. Alicheza fainali ya Australian Open 2014 na alishinda Fainali za WTA za 2016 huko Singapore kwa kumshinda Angelique Kerber, aliyekuwa namba moja duniani. Kwake miguu na mpira wa kurudisha servisi vilifanya kazi ambayo wengine wanaifanya kwa servisi.

Dhana: Kuhamia wawili wawili ni kukiri kushindwa

Tereza Mihalíková alikuwa bingwa wa wasichana wa Australian Open 2015 na akafika fainali tena 2016. Kama mchezaji mmoja mmoja hakuwahi kuingia 100 bora. Aliamua kuweka nguvu kwenye wawili wawili, ambako orodha ni tofauti, pointi zake hazichanganywi na zile nyingine, na kinachotakiwa ni servisi ya kwanza inayoingia, mkono mwepesi wavuni na kumsoma mwenzako.

Novemba 2024 huko Málaga, Slovakia ilikuwa sare 1-1 na Uingereza katika nusu fainali ya Billie Jean King Cup, mashindano ya timu za taifa za wanawake, baada ya Rebecca Šramková kumshinda Katie Boulter. Mechi ya kuamua ilikuwa ya wawili wawili. Mihalíková na Viktória Hrunčáková waliingia uwanjani, na upande wa pili wa wavu alikuwepo Olivia Nicholls, ambaye Mihalíková alikuwa akicheza naye kwenye mashindano ya WTA. Waslovakia walishinda na kuipeleka nchi yao kwenye fainali, walikofungwa na Italia.

Wasomaji wa Kenya wanalijua hili kwa Angella Okutoyi, aliyeshinda taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Naye pia hakuletewa pointi hata moja ya WTA na kombe lile. Ilibidi azitafute kwenye mashindano ya ITF kama Jamrichová. Naye Mia Pohánková, Mslovakia aliyetwaa taji la wasichana la Wimbledon mwaka 2025 kwa kumshinda Julia Stusek 6-3, 6-1, ameanzia mlango huohuo: orodha ya kusubiri ya W35, kikomo cha umri, na raketi tatu za kufunga nyuzi kabla ya Jumatatu.